Wisbech: Mji wa Soko Unaotunza Kasha la Clarkson

Watu wengi wa kwetu wanaoishi Uingereza, na wageni wanaokwenda kuwatembelea, hupajua London, Oxford na Birmingham. Wisbech hawaijui. Ni mji mdogo wa soko katika jimbo la Cambridgeshire, mashariki mwa England, kando ya mto Nene. Katika makumbusho yake limo kasha la mbao ambalo Mwafrika yeyote aliye karibu anastahili kwenda kuliona.

Namna ya kufika

Panda treni katika kituo cha King's Cross, London, ushuke Peterborough. Treni za haraka huchukua chini ya saa moja. Wisbech haina treni ya abiria tangu 1968, kwa hiyo kutoka Peterborough utaendelea kwa basi. Njiani utapita nchi tambarare iitwayo Fens. Zamani ilikuwa kinamasi. Katika karne ya 17 mhandisi Mholanzi Cornelius Vermuyden alisimamia kazi kubwa ya kuchimba mifereji ya kuikausha, na leo ni mashamba yenye rutuba ya nafaka, mboga na matunda. Mazao hayo ndiyo yaliyoikuza bandari ya Wisbech, na ndiyo yaliyowavuta vibarua kutoka Lithuania, Poland na kwingineko.

Clarkson na kasha lake

Thomas Clarkson alizaliwa Wisbech mwaka 1760, baba yake akiwa mwalimu mkuu wa shule ya mji. Mwaka 1785, akiwa Cambridge, alishinda shindano la insha ya Kilatini lililouliza kama ni halali kuwatia watu utumwani bila ridhaa yao. Aliyoyasoma alipokuwa akiiandaa insha hiyo yalimnyima utulivu. Mwaka 1787 alikuwa mmoja wa watu 12 walioanzisha kamati ya kupinga biashara ya watumwa mjini London. Tisa kati yao walikuwa waumini wa Quaker, dhehebu lenye wafuasi wengi magharibi mwa Kenya.

Clarkson alizunguka bandari za Bristol na Liverpool akiwahoji mabaharia. Liverpool alinunua dukani pingu na vyombo vya kubana vidole, awe na ushahidi wa kushikika. Kwenye mto Thames aliikuta meli iitwayo Lively, iliyotoka Afrika na bidhaa kama pembe za ndovu, nta, mawese na pilipili. Akanunua sampuli, akaendelea kukusanya nguo zilizofumwa, visu, vitu vya ngozi na mbegu, vingi kutoka Afrika Magharibi, akavipanga katika kasha alilokwenda nalo kwenye mikutano yake.

Hoja yake ilikuwa wazi: bara lenye mafundi na mazao kama haya lafaa kufanyiwa biashara ya bidhaa, si ya binadamu. Sheria ya 1807 iliwapiga marufuku Waingereza kufanya biashara ya watumwa, na ile ya 1833 ikaukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni yao. Pwani yetu ilisubiri zaidi, kwani soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873.

Mambo ya kuona

Makumbusho ya Wisbech yako jirani na kanisa la Mtakatifu Petro. Mbali na kasha, yanatunza mswada wa Charles Dickens wa riwaya ya *Great Expectations*. Karibu na daraja la mji umesimama mnara wa Clarkson, wa mita 20 hivi, uliosanifiwa na George Gilbert Scott na kujengwa 1880 hadi 1881.

Kwenye ukingo wa kaskazini, North Brink, tazama safu ya nyumba za karne ya 18. Mojawapo ni Peckover House ya mwaka 1722, iliyokuwa makazi ya familia ya Quaker yenye benki. Ng'ambo ya mto, South Brink, alizaliwa Octavia Hill mwaka 1838. Alipigania makazi bora ya maskini, na mwaka 1895 alishiriki kuanzisha National Trust, shirika ambalo leo linaitunza Peckover House.

Kabla ya safari

Nusu siku inatosha. Jumamosi ni siku nzuri, kwa kuwa soko huwa limechangamka. Makumbusho na Peckover House havifunguliwi kila siku ya mwaka, basi hakikisha saa na viingilio mapema, uulizie pia kama kasha limewekwa wazi siku hiyo.

Ukiwa na watoto, anza na kasha ndipo uende mnarani. Kwenye mnara Mwafrika amechongwa akiwa katika minyororo. Katika kasha wataikuta kazi ya mikono yake: kitambaa alichofuma, kisu alichofua, ngozi aliyoshona. Waanze kumjua kama fundi, ndipo wataelewa minyororo ile ilikuwa dhuluma ya kiasi gani.