Mbwa ana kwao, wewe una deni

*Shangazi, shikamoo. Tuna mbwa wetu, Jeki, mbwa koko wa kawaida. Miaka sita iliyopita mlinzi wetu alimkuta mtaroni amegongwa na bodaboda, tukamhurumia tukamchukua. Daktari wa mifugo alimkadiria miaka minne wakati ule, kwa hiyo sasa ana kama kumi. Amezeeka. Mguu uliovunjika unamsumbua asubuhi, na jicho moja limeingia ukungu. Miezi miwili iliyopita tulifunga kamera na waya wa umeme juu ya ukuta, tukamwachisha mlinzi kazi baada ya miaka minane. Tulimchukulia kama ndugu. Mume wangu alimpa nauli ya kwao Masasi na mfuko wa mchele. Tangu hapo Jeki hali vizuri. Chakula cha mbwa cha dukani ananusa tu, anaondoka. Alizoea ugali wa dona na dagaa aliokuwa akipikiwa na mzee. Kila siku saa kumi na mbili jioni anakwenda getini, analala palipokuwa na kiti cha mlinzi, ananitazama. Siwezi kuvumilia. Nimeuliza marafiki, hakuna anayetaka mbwa mzee. Mlinzi mwenyewe nasikia yuko kwa binti yake Chanika, Masasi hakwenda. Je, nimtafutie Jeki nyumba wapi? Au nimpeleke kwa daktari achomwe sindano apumzike?*

*Mwenye mawazo, Mbezi Beach*

Marahaba, mwanangu. Nianze na ulichouliza, maana hakihitaji maneno mengi.

Sindano hapana. Mbwa anayechechemea asubuhi, mwenye ukungu jichoni, bado anatembea mwenyewe mpaka getini kila jioni. Huyo anaishi. Sindano ni ya mnyama ambaye daktari amempima na kuona maumivu yake hayana tena tiba. Haichomwi kwa sababu mwenye mnyama amechoka kumwona. Vituo vya kupokea mbwa vipo: Arusha kuna Mbwa Wa Africa, Nairobi kuna KSPCA. Lakini kila anayefanya kazi hiyo atakwambia kwamba watu wakija huchagua watoto wa mbwa, na mbwa wa miaka kumi hubaki kwenye banda lake akitazama wenzake wakiondoka. Kumwacha sokoni usiku usithubutu hata kufikiri. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayomtaka mwenye mnyama amtunze, na tuna kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu ni kifo. Mbwa asiye na mwenyewe, asiyechanjwa, ni hatari kwa watoto wa mtaa mzima.

Hayo yamekwisha. Sasa tuzungumze.

Barua yako ilikuwa na kurasa tatu, nami nimezipunguza, lakini sentensi moja sikuigusa: "ananitazama. Siwezi kuvumilia." Mbwa huyo hajamuuma mtu. Habweki usiku kucha, hana kupe wanaoingia sebuleni, wala gharama yake haikuwashinda ninyi mlioweza kufunga kamera na waya wa umeme. Kosa lake ni kulala mahali fulani, saa fulani, na kukutazama. Mwanangu, mtu hatafuti nyumba ya mbwa kwa sababu mbwa anamtazama. Unatafuta pa kuiweka aibu yako, na aibu hiyo haimhusu Jeki.

Wazee wetu walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Mmeshamtoa mlinzi, na sasa mnatafuta pa kumtupa na mbwa aliyemwokota. Maana hebu tusome barua yako pamoja. Nani alimkuta mtaroni? Mlinzi. Nani alimpikia dona na dagaa kwa miaka sita? Mlinzi. Halafu unaandika "tukamhurumia tukamchukua." Nyumba ilitoa uwanja na ukuta, nalo ni jambo jema, silipuuzi. Lakini mkono uliomwokoa mbwa huyu ni ule ule mliouaga kwa nauli na mfuko wa mchele.

Tena unajua mzee yuko Chanika kwa binti yake. Kutoka Mbezi Beach mpaka Chanika si karibu, na habari za mlinzi aliyeachishwa hazivuki jiji zenyewe. Uliuliza. Ulitaka kujua kama alifika salama, ukaambiwa hakwenda. Umejiuliza kwa nini mtu wa umri ule, aliyepewa nauli ya Masasi mkononi, amebaki kwa binti yake? Kijijini huendi mikono mitupu baada ya miaka minane mjini. Unahitaji mabati, mbegu, cha kuwapa waliokulindia shamba. Nauli inakufikisha stendi ya Masasi tu.

Nitasema jambo ninaloliamini kuliko yote ninayoandika katika safu hii. Majumbani mwetu tuna desturi mbaya inayovaa nguo ya wema. Mlinzi, dada wa kazi na kijana wa bustani tunawaita ndugu. Tunawapa nguo zetu za zamani, tunawakaribisha pilau ya sikukuu, tunawatuma shambani kwa mama. Mkataba hatuwaandikii, kwa sababu eti ndugu haandikishiani. Siku tukiwa hatuwahitaji, undugu unaisha jioni moja, na kwa kuwa hakukuwa na karatasi, hana cha kushika. Ndugu wa kweli asingetolewa nyumbani kwa mfuko wa mchele, na mfanyakazi wa kweli angelipwa haki yake. Mzee huyu hakupata cha ndugu wala cha mfanyakazi.

Na haki yake si huruma yangu, ni sheria ya nchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda hata mlinzi wa geti lako, uwe ulimwandikia mkataba au hukumwandikia. Mwajiri akimwachisha mfanyakazi asiye na kosa, aliyemtumikia mfululizo mwaka mmoja au zaidi, anamlipa kiinua mgongo: si chini ya mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mpaka miaka 10. Miaka minane ni siku 56. Anayelipwa kwa mwezi anapewa notisi ya siku 28, au mshahara wa siku hizo. Likizo ya mwaka ni siku 28, na ile aliyoistahili bila kuichukua inahesabiwa. Anapewa cheti cha utumishi, ili akiomba kazi kwingine awe na la kuonyesha. Na anagharimiwa usafiri wa kurudi alikoajiriwa. Kama mlimtoa Masasi, ile nauli mliyoiona kuwa fadhila ni kipengele kimoja katika orodha ya madai yake. Vilivyobaki hamjalipa.

Utaniambia mume wako ndiye aliyeshughulikia. Najua, umeandika. Lakini aliyefunguliwa geti asubuhi na jioni ni wewe pia. Aliyepokelewa mifuko ya sokoni mvua ikinyesha ni wewe. Leo jioni kaeni na mume wako, mchukue kalamu na karatasi, mpige hesabu mstari kwa mstari. Akisema mbona mzee mwenyewe hajadai, mwambie kwamba kutodai hakufuti deni. Wengi hawadai kwa sababu hawajui, na wengine kwa sababu wanatuheshimu kuliko tunavyowaheshimu. Jumla ikizidi mlichonacho, lipeni nusu sasa na nusu mwisho wa mwezi, mkiandikiana na kutia saini.

Kisha nendeni Chanika, wote wawili. Na hapa nisikilize vizuri: safari ya kwanza usiende na mbwa. Ukitokea na bahasha mkono mmoja na kamba ya Jeki mkono wa pili, mzee hataweza kukataa. Atamchukua mbwa kwa haya, akidhani fedha ni malipo ya kumfuga. Nenda na deni lake peke yake. Msalimie, kaa utakapokaribishwa, mwambie, "Baba, tulikosea, hiki ni chako." Usieleze kamera, usieleze ugumu wa maisha. Mkabidhi na cheti chake cha utumishi. Akiuliza habari za Jeki, naye atauliza, mweleze ukweli kama ulivyonieleza mimi, mpaka jambo la getini.

Akisema anamtaka, zungumza na binti yake, maana nyumba ni yake. Kama ni watu wa swala, kumbuka kwamba kwa Washafii, ambao ndio Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi au wa mifugo hakukatazwa kufugwa, lakini watu wanataka alale nje, awe na bakuli lake, asiingie wanaposwalia. Mjengeeni banda kwa fedha zenu, lililoinuliwa kidogo kutoka ardhini, maana baridi ya sakafu huusumbua mguu uliovunjika.

Kabla hajahama, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usikimbilie kusema hali kwa huzuni. Huenda ni kweli, lakini mbwa wa umri huo anaweza pia kuwa na jino bovu au figo zilizochoka, na hayo hayatibiwi kwa kumbadilishia nyumba. Ukungu wa jicho nao upimwe. Mbwa wengi wazee wenye macho ya ukungu bado wanaona vya kutosha. Maumivu ya mguu yana dawa zake za mbwa. Usimpe vidonge vyako vya diclofenac au ibuprofen, vinaweza kumuua. Mchanje kichaa cha mbwa na kadi yake iende naye.

Siku ya kumhamisha, apande gari na tandiko lake lisilofuliwa, lenye harufu anayoijua. Wiki za kwanza asiachwe huru, kwa sababu mbwa aliyehamishwa huenda akatafuta njia ya kurudi, na barabara hizo zina malori. Chakula kiwe kile kile, dona na dagaa, bila mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani huvunjika kama miiba na kumchoma tumboni. Na kila mwezi, kwa uhai wote wa Jeki, tuma kwa simu fedha ya chakula na ya daktari, bila kusubiri kukumbushwa. Mzee anampa mbwa nyumba. Asibebeshwe na gharama.

Je, akikataa? Ana haki ya kukataa. Amelinda mali ya watu miaka minane bila kulala usiku, na huenda amechoka na kila kinachomkumbusha geti. Hapo hutatafuta mtu mwingine. Utabaki na Jeki mpaka mwisho wake, na mwisho huo hauko mbali: mbwa wa miaka kumi amekwisha kula sehemu kubwa ya umri wake. Utaisonga dona wewe mwenyewe. Hutamwachia dada wa kazi. Itapoa kidogo, utaichanganya na dagaa waliochemshwa bila chumvi, utampelekea pale pale anapolala, saa kumi na mbili jioni, ukae naye anapokula. Siku za kwanza ataacha. Endelea. Mbwa aliyewahi kuokotwa mtaroni ameshaonyesha kwamba anaweza kumwamini binadamu mara ya pili.

Nimekukemea, na sijutii, lakini sikuoni kuwa mtu mbaya. Mtu mbaya angelala usingizi. Kama umesoma mpaka hapa, bado kuna heshima ndani yako inayokataa kunyamazishwa, na hiyo ndiyo inayokukosesha amani kila jua linapozama. Isikilize. Mbwa akiondoka na deni likabaki, utapata kitu kingine cha kukutazama.

Nanyi wengine mnaosoma haya mkiwa na mlinzi getini au binti jikoni, msisubiri siku ya kuagana. Mwandikieni mkataba wiki hii. Mwandikisheni NSSF na mchango wake uende kila mwezi. Mpeni likizo yake kila mwaka. Ndugu au si ndugu, mlipeni angali kazini, ili siku ya kuondoka aondoke na chake mkononi.