SOMO LA WIKI: Pima ankara kwa 9 na 11 kabla ya kulipa

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara amenunua magunia 99 ya maharage kwa Sh. 74,225 kila gunia. Jumla halali ni Sh. 7,348,275. Kwa kuwa 99 ni 9 mara 11, jumla hiyo lazima igawanyike kwa 9 na kwa 11 bila baki.

Kipimo cha 9: jumlisha tarakimu zote. 7+3+4+8+2+7+5 ni 36, nayo hugawanyika kwa 9.

Kipimo cha 11: anzia kulia, toa na kujumlisha kwa zamu. 5-7+2-8+4-3+7 ni 0. Jibu likiwa 0, au likigawanyika kwa 11, namba imepita.

Sasa karani akibadilishana 4 na 8, akaandika 7,384,275, kipimo cha 9 hakitamnasa, kwani tarakimu ni zilezile. Kipimo cha 11 kinatoa 8. Rudisha ankara hiyo. Ukiilipa, umepoteza Sh. 36,000.

Angalizo: namba iliyopita vipimo vyote viwili yaweza bado kuwa na kosa. Iliyoshindwa kimoja, hiyo ina kosa bila shaka.