Walaji Wadogo wa Bahari ya Mombasa: Mzunguko wa Metali na Kaboni na Suala la Istilahi

1.0 Utangulizi

Kiswahili cha pwani kina msamiati mpana wa bahari: maji kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi. Msamiati huo uliasisiwa na mabaharia na wavuvi, nao unatosheleza yale yaonekanayo kwa macho. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi ya bahari hufanywa na viumbe wasioonekana, na hapo ndipo lugha inapopwelewa. Makala hii inaeleza jinsi viumbe hao wanavyorejesha metali na kaboni majini, kisha inachunguza jina linalowafaa.

2.0 Malisho na walaji

Malisho ya bahari ni planktoni mimea, yaani mwani mdogo mno unaoelea na kujitengenezea chakula kwa usanisinuru. Mbali na kaboni, nitrojeni na fosforasi, mwani huo huhitaji metali kwa viwango vidogo sana: chuma, zinki, manganisi, kobalti na shaba. Bila chuma, mitambo ya usanisinuru ndani ya seli hulegea.

Walaji wake wakuu ni protozoa wenye vinyweleo, dinoflagelata na watoto wa kopepoda. Wengi wao hawafikii milimita 0.2. Licha ya udogo huo, hukadiriwa kuwa duniani kote hula zaidi ya nusu ya mazao ya kila siku ya planktoni mimea.

3.0 Njia ya metali na njia ya kaboni

Mlaji anapomeza seli ya mwani, huifungia katika kifuko cha mmeng'enyo chenye asidi. Asidi hiyo hukitoa chuma kilichoshikamana na protini za seli. Sehemu ya chuma hicho hujenga mwili wa mlaji. Sehemu nyingine hurudishwa majini ikiwa imeyeyuka, tayari kutumiwa na mwani mwingine au bakteria. Kaboni nayo hugawika mara tatu: sehemu hujenga mwili, sehemu hutolewa kama taka, na sehemu hupumuliwa kama kaboni dayoksaidi.

Ukubwa wa mlaji huchangia sana kuamua hatima ya vitu hivyo. Taka za walaji wadogo huzama polepole mno, hivyo chuma hubaki juu penye nuru. Kopepoda wakubwa hufunga taka zao katika vidonge vinavyozama na kuteremsha kaboni na metali vilindini. Kwa hiyo, bahari inayotawaliwa na walaji wadogo hutunza rutuba yake juu, lakini huzamisha kaboni kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanasayansi wa Marekani John Martin alidai kuwa uhaba wa chuma ndio unaozuia ukuaji wa mwani katika baadhi ya bahari kuu. Majaribio ya 1993 na 1995 katika Pasifiki ya ikweta, ambapo chuma kilimwagwa baharini, yaliunga mkono dai hilo. Katika jaribio la pili ilidhihirika pia kuwa walaji wadogo waliudhibiti mwani mdogo, na diatomu wakubwa ndio waliostawi.

4.0 Hali ya Mombasa

Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na maji ya namna nyingine. Hori ya Tudor hupokea mito ya Kombeni na Tsalu. Ile ya Port Reitz hupokea Mwache. Zote zimepakana na mikoko ambayo tope lake lina chuma. Hapa, wasiwasi mkubwa ni ziada ya metali kuliko uhaba wake. Maji taka ya mji huingia baharini, na rangi nyingi zinazozuia viumbe kugandamana na meli huwa na shaba. Shaba ileile iliyo lishe kwa kiasi kidogo huwa sumu ikizidi, kwa mwani na kwa walaji pia. Isitoshe, walaji hurejesha majini metali zenye manufaa pamoja na zenye madhara, kama kadimi. Nyingine hubaki miilini mwao na kupanda hadi kwa uduvi na samaki.

Kwa miongo mingi tuta la Makupa lilizuia maji kupita kati ya hori hizo mbili, hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2022. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1979, iko Mkomani, ng'ambo ya Mji wa Kale. Lakini ripoti zake za kitaalamu huandikwa hasa kwa Kiingereza. Mvuvi anayeuza samaki Mji wa Kale hutenganishwa na elimu hiyo na lugha zaidi ya maji.

5.0 Suala la istilahi

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ilifungua njia, ila kazi ingalipo. "Mchungaji" ni aongozaye mifugo, si mnyama alaye. "Mla majani" huwaacha nje wanaokula bakteria. "Mlaji" ni sahihi lakini pana mno, kwani hata papa ni mlaji. "Mlishaji" hutokana na kauli ya kusababisha ya kitenzi -la: ni ampaye mwingine chakula. Kwa mtazamo wa kwanza neno hili ni kinyume cha linalotakiwa. Hata hivyo, sehemu ya 3.0 imeonyesha kuwa kila mlo wa kiumbe huyu huwa riziki ya wengine. Istilahi "mlaji mlishaji" basi hubeba pande zote mbili za kazi yake.

6.0 Hitimisho

Uundaji wa istilahi hauwezi kutegemea tafsiri ya neno pekee. Hutegemea ufahamu wa kitendo kinachotajwa. Wanafunzi wa Kiswahili wanapaswa kushirikiana na wanasayansi wa bahari, ili elimu inayowahusu watu wa Mombasa iwafikie kwa lugha yao.