Mamlaka ya Kanisa na Umoja wa Wakristo

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni Mkatoliki, jirani yangu wa Legio Maria ana Papa wake, na shemeji yangu Msabato hana hata askofu. Umoja aliouombea Bwana Yesu u wapi? – Msomaji, Rongo.

JIBU: Ndugu msomaji, hitilafu yenu kubwa ni hii: nani amepewa mamlaka? Mkatoliki wa Jimbo la Homa Bay, lililoundwa mwaka 1993, huamini kwamba mamlaka yalitoka kwa Petro na mitume yakarithiwa na maaskofu, hata kujitenga na Roma kwake ni kuukata umoja wenyewe; Msabato, ambaye wamisionari wake walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, huipima kila amri kwa Biblia na kuwachagua viongozi wake; ama Legio Maria, waliotoka katika Ukatoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakimfuata Simeo Ondeto, hawakuikataa daraja ya Papa na makardinali, bali walisadiki kwamba Roho ameiteremsha kwa Waafrika, ndiyo maana huko Got Kwer, mlima wao mtakatifu, rozari huning'inia juu ya kanzu na Kilatini kingali kikisikika. Daraja hazitaungana karibuni. Lakini sala ya Baba Yetu mnaijua nyote watatu. Isalini pamoja katika matanga ya jirani, kabla ya kuhojiana habari za Papa.