Taa ya nyuma mnunulie anayekufuata

Haya wadogo zangu, leo tuongee magari. Wanaodhani dada yenu anajua mapishi na uchumba tu, wakae mkao wa kula.

Mdogo wangu wa Matamba ameniandikia. Anashusha viazi Chimala kwa pikapu, na zile kona hamsini na saba hazijui kwa kusimuliwa. Mbele ameshafunga taa ndefu ya LED juu ya kioo, anasema usiku inakuwa mchana. Sasa anauliza: nyuma aweke nini, maana kuna siku Fuso lilimfungia breki karibu limpande mgongoni.

Kwanza pole. Pili, nimeshangaa umeuliza, kwa sababu wenzako wengi hawaulizi. Mtu yuko tayari kumaliza hela yote kwenye taa za mbele, halafu nyuma anabaki na balbu mbili za kiwandani, moja imekufa tangu masika. Taa ya mbele unajinunulia wewe. Ya nyuma unamnunulia dereva wa Fuso, na usipomnunulia yeye, gharama unalipa wewe.

Tuanze na vumbi, maana ndilo adui yako wa kiangazi. Linatimuliwa na tairi zako mwenyewe, kwa hiyo linakuwa zito zaidi chini, na chini ndiko taa zako ziliko. Pikapu zenye bodi bapa ndizo zenye shida kubwa: taa zinaning'inia chini ya bodi, jirani kabisa na tairi, zinakula vumbi na tope kuliko kitu chochote kwenye gari. Anayekufuata anaona wingu. Wewe uko ndani ya wingu.

Kitu unachokihitaji kinaitwa taa ya ukungu ya nyuma. Ni nyekundu, inakaa imewaka muda wote unapoiwasha, na ina nguvu kuliko taa ya kawaida ya nyuma. Kwa viwango vya Umoja wa Mataifa vinavyofuatwa Ulaya, taa ya kawaida ya nyuma inaruhusiwa kuanzia kandela 4, lakini ya ukungu isipungue 150. Tofauti hiyo ndiyo inayopenya vumbi, na ukishapanda kule juu Kitulo, taa hiyohiyo itakusaidia kwenye ukungu. Usitegemee kwamba gari lilikuja nayo. Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani hayana, maana kule hailazimishwi.

Ukifika dukani geuza taa, usome kwenye kioo chake. Tafuta herufi E ndani ya duara ikiwa na namba ya nchi iliyoipitisha, na karibu yake herufi F, hiyo ndiyo ya ukungu wa nyuma. B ni ya ukungu wa mbele, wauzaji wengine hawajali, watakupa yoyote. Najua feki nazo zinachapwa E, lakini isiyo na alama kabisa hata usiipotezee muda. Kisha tazama IP67. Ile 6 maana yake vumbi haliingii, 7 maana yake inavumilia kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Kama unaoshea gari kwenye mashine za presha, afadhali utafute IP69K.

LED au balbu ya kawaida? LED, bila kusita. Waya wa ndani ya balbu haupendi barabara inayotikisa, na wewe barabara yako inatikisa kutoka shambani hadi lami. Halafu LED inawaka papo hapo. Balbu inachelewa kama sehemu ya tano ya sekunde hivi kufikisha mwanga wake wote, na kwenye breki hiyo si kidogo: gari lililo kwenye kilomita 100 kwa saa linakuwa limeshakula zaidi ya mita tano.

Ila nisikilize vizuri hapa. Kununua taa kamili ya LED ni jambo moja, na kuchomeka kibalbu cha LED cha bei ya chee kwenye kioo chako cha zamani ni jambo jingine. Kwa hivyo vibalbu vingi, taa ya kawaida na taa ya breki zinakaribiana mwanga, kwa hiyo anayekufuata hajui umekanyaga breki au bado unatembea. Na ukiweka LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu, mwanga mwingi unaishia humohumo ndani, unapata wekundu uliopauka. Kama ni lazima uchomeke, chomeka nyekundu. Ukibadilisha za indiketa zitaanza kuwaka harakaharaka kama zina wazimu. Hazijaharibika, flasha inadhani balbu imeungua. Badilisha flasha.

Ubishi wa rangi naujua. Vijiweni wanasema njano inapenya vumbi kuliko nyekundu, na ushahidi wao ni magari ya mashindano ya jangwani, kama yale ya Baja 1000 kule Meksiko, yanayofunga taa ya njano nyuma. Ni kweli wanafunga. Lakini chembe za vumbi la barabarani ni kubwa mno mbele ya mawimbi ya mwanga, zinatawanya rangi zote karibu sawasawa. Kinachookoa ni nguvu ya taa na urefu ilipofungwa. Na wale wako jangwani wanakimbizana. Wewe ukiingia barabara kuu na njano inayowaka nyuma, watu watakusubiri ukate kona mpaka wachoke. Baki na nyekundu. Ya bluu waachie polisi na ambulensi, na zile za kumetameta kama disko sina la kusema.

Sasa mahali pa kufunga. Ukiweka moja, iwe upande wa dereva, upande wanaotokea wanaotaka kukupita. Ikae mbali na taa ya breki, isipungue sentimita kumi, la sivyo mwanga wake utaimeza breki. Kwa vumbi zito ningekushauri uongeze nyingine juu, kwenye vyuma vilivyo nyuma ya kabini, usawa wa paa, ambako wingu ni jepesi. Hiyo ya juu iwe na swichi yake peke yake, na ukigusa lami unazima. Usiku mweupe usio na vumbi, taa hiyo inamchoma macho wa nyuma, naye akikasirika anakuwashia fulu. Swichi iwe na kitaa cha kukukumbusha kwamba imewaka.

Fundi akufungie fyuzi yake, asidandie waya wa redio. Eathi aikwangulie rangi mpaka chuma kionekane, maana taa nyingi zinazosemekana zimekufa zimeuawa na eathi ya kutu. Kama pikapu yako ni Land Cruiser ya zamani, hakikisha kwanza kama ni volti 12 au 24. Taa iliyoandikwa 10 hadi 30 inakubali zote mbili.

Na viazi, mdogo wangu. Nawaona mnavyopakia: magunia yamepita bodi, turubai limening'inia kama sketi, taa zote zimefunikwa. Hapo hata ununue taa ya ndege. Lifunge turubai kwa ndani, na bandika stika nyekundu za kuakisi mwanga kwenye mlango wa bodi. Stika haili betri, na siku gari limezimika kwenye kona ndiyo itakayoonekana wakati unatafuta pembetatu chini ya magunia.

Kabla hujamlipa fundi, mwachie mtu pikapu atangulie jioni kwenye vumbi, wewe mfuate na gari jingine. Akanyage breki huku taa ya ukungu imewaka. Kama hujaiona breki, rudini gereji, taa isogezwe, na hela ya fundi ikae mfukoni kwanza.