TAA YA KUUA VIJIDUDU SI TAA YA SEBULENI



Asubuhi moja tulimpokea mama na watoto wake wawili, wote wamefumba macho, wameshikana mikono. Machozi yaliwatiririka, nyuso zimewaiva. Mama alisema macho yanachoma kana kwamba yametiwa mchanga, na jana yake jioni walikuwa wazima. Hata mbwa wao, alisema, amevimba macho na hataki kutoka uvunguni.

Habari ya mbwa ndiyo iliyotufanya tuulize juu ya taa. Baba alikuwa amenunua tyubu kwa muuza vitu chakavu, akaifunga sebuleni ile ya zamani ilipoungua. Iliingia vizuri kabisa, ila mwanga wake ulikuwa hafifu, wa rangi ya samawati. Kumbe ilikuwa taa ya kuua vijidudu.

Taa hizi zina kazi yake: kusafisha maji, maabara na vyumba visivyo na watu. Tangu ugonjwa wa Korona ulipoingia mwaka 2020, watu wengi wamezinunua kwa matumizi ya nyumbani. Nyingi zina mvuke wa zebaki, nazo hutoa mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho. Mionzi ya jua ya aina hiyo huzuiwa angani, haitufikii. Taa inatuletea chumbani.

Ubaya wake ni kwamba haiumi papo hapo. Mtu hukaa chini yake akizungumza, akala, akalala, kisha maumivu humwamsha usiku wa manane. Mafundi wa kuchomea vyuma bila kioo cha kujikinga wanaujua ugonjwa huu. Ngozi nayo huwa nyekundu na kuuma.

Mbwa na paka wana manyoya, lakini macho, pua na masikio hayana kinga ya kutosha, nao hawawezi kusema. Ukiona mnyama anafumba macho, anayasugua kwa mguu au anakimbilia gizani, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimtilie dawa ya macho ya binadamu.

Aliyeungua akae mahali penye giza, aweke kitambaa safi chenye maji baridi juu ya macho, asiyasugue, kisha aje hospitali apimwe. Maziwa ya mama na dawa iliyobaki kwa jirani visitiwe machoni. (Nasema hivi kila mwaka, na kila mwaka naletewa mtoto aliyetiwa!) Kwa kawaida macho hupona siku moja hadi tatu.

Mwenye taa hii kwa kazi ya kweli aiwashe watu na wanyama wakiwa wametoka, mlango umefungwa. Achungulie uvunguni kwanza, maana paka hapendi kuhamishwa. Baadhi ya taa hutoa hewa yenye harufu kali. Zikizimwa, fungua madirisha kabla ya kumrudisha yeyote, hasa ndege wa kufugwa. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba zisitumike kusafisha mikono wala ngozi. Tena mionzi haipiti kwenye uchafu wala kivulini, hivyo sabuni na maji bado vinahitajika.

Taa ikivunjika, toa watoto na wanyama, fungua madirisha, usifagie. Okota vipande kwa karatasi ngumu, uvitie katika chupa yenye kifuniko. Zebaki ni sumu.