Nani Atajenga Lango la Jaa?

Somo: Nehemia 3, Wafilipi 2:3–8



Sisi wa Kericho na Bomet tunajua mambo ya chai. Ukifikisha majani kituoni, karani anapima na kukuandikia kilo zako. Lakini lori likishapakia, majani yako na ya jirani yanaingia kiwanda kimoja. Huko hakuna chai ya tajiri na chai ya mjane. Bonasi ya kiwanda ikitangazwa, ni bei moja kwa kilo kwa wakulima wake wote. Anayechuma vizuri, majani mawili na chipukizi, anatusaidia wote. Anayeficha majani magumu ndani ya gunia anatuumiza wote, hata kama hajulikani.

Kanisa ni hivyo hivyo. Fungua Nehemia 3. Wengi tunairuka sura hii kwa sababu ni majina tu, lakini hebu isome polepole. Mafundi wa dhahabu na wa manukato wanajenga ukuta (mst. 8). Shalumu anajenga pamoja na binti zake (12). Halafu Malkiya, mkuu wa wilaya, anajenga Lango la Jaa, njia ya kutolea taka za mji (14). Mkubwa mzima! Hakuuliza, "Vijana wako wapi?"

Lakini mstari wa 5 unasikitisha. Wakuu wa Tekoa walikataa kuinama kazini. Watu wao wa kawaida walimaliza sehemu yao, wakaongeza nyingine (27). Ukuta uliisha kwa siku 52 (6:15). Kazi ya Mungu haikusimama kwa sababu ya wakuu hao, ila mpaka leo tunasoma kwamba walikataa.

Niwaambie ukweli, wapendwa. Jumamosi moja nilikuja kanisani kujiandaa kuhubiri. Mama mmoja mchuma chai, aliyebeba kikapu mgongoni wiki nzima, alikuwa anaosha vyoo peke yake. Nikamwambia, "Mungu akubariki, mama," nikapita na Biblia yangu. Na somo langu lilikuwa Yohana 13, Yesu akiwaosha wanafunzi miguu! Usiku Roho Mtakatifu hakuniacha nilale. Jumamosi iliyofuata nilishika ndoo. Yule mama alicheka, akanionyesha mahali pa kuanzia.

Unyenyekevu si kujidharau. Fundi wa dhahabu hakuacha kuwa fundi, na Malkiya hakuacha kuwa mkuu. Yesu alijua ametoka kwa Baba, na bado akajifunga kitambaa. Ukijua wewe ni nani mbele za Mungu, kazi ya chini haikupunguzii kitu.

Ya kujadili katika vikundi vya nyumbani:
1. Ni kazi gani hapa kanisani unaiona kila wiki na kusema, "Hiyo si yangu"?
2. Ni nani unambariki kwa mdomo tu, na mzigo unamwachia?

Tuombe: Bwana, tuinamishe shingo zetu, tujenge pamoja. Kwa jina la Yesu. Amina.